Chupa ya Rede

"Huyo hatumtaki, ana mashetani," Rukia alisema walipokuwa wakigawana timu za rede, mchezo wa kukwepa mpira, na wasichana wote wakaangua kicheko. Chausiku hakutulia darasani, hakutulia mstarini, na kila mtu alikuwa na neno la kumsema.

"Daktari kasema michezo itamzoesha wenzake," Mwalimu Skolastika alisema, akamsukuma kwa Rukia. "Mchukueni, hata sisi tumechoka naye."

Mpira wa soksi ukaanza kurushwa huku na huku. Mmoja mmoja, timu ya Rukia ikapigwa na kutoka, mpaka Chausiku akabaki peke yake katikati. Warushaji wakamlenga kichwani makusudi. Hawakumpata. Mwili ule ule uliofinywa kila siku ili utulie, leo haukukaa mahali mpira ukaukuta.

Huku akikwepa, alichota mchanga kwa kiganja na kuutia kwenye chupa iliyowekwa katikati ya uwanja. Sheria waliijua wote: chupa ikijaa, ukaisimamisha, wenzako waliotoka wanarudi mchezoni. Ikajaa mpaka shingoni.

"Isimamishe, Chau! Tuokoe, mpenzi wangu!" Rukia aliita kwa sauti iliyolainika ghafla.

Chausiku alimtazama. Kisha akaipindua chupa taratibu, mchanga wote ukamwagikia miguuni pake.

"Keshasahau tena, zuzu huyu," mwalimu akasonya.

Chausiku akaukwepa mpira mwingine, akainama, akachota kiganja cha kwanza upya. Safari hii hakuwa na haraka yoyote.