Mrija Wenye Uzi Mwekundu

Mrija wangu wa kunywea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, una uzi mwekundu. Niliufunga mwenyewe, na kwa miaka sita hakuna mwingine aliyeutia mdomoni. Leo unanyonywa na mgeni, mwanamke aliyekimbia vita kule Burungu.

Nimesimama mlangoni pa jiko la jirani yangu Francine, barakoa usoni. Wako watatu, Francine, mgeni na jirani mwingine, wameinamia chungu kimoja, magoti yanagusana, kama tulivyokaa sisi kila Jumapili kabla ya korona.

Mume wangu alirudi toka Goma na homa, nikajifungia naye wiki tatu. Francine alinipazia sauti kutoka barabarani: "Hata sisi tuliacha kunywa pamoja, dada. Kila mutu anabakia kwake."

Sasa ananiona, anashtuka. "Dada, usiingie! Uko na mugonjwa ku nyumba!"

Mgeni hajanijua bado. Anacheka, mrija ukiwa katikati ya meno. Uzi wangu umelowa, umeanza kufumuka.

Navua barakoa. Nauchomoa mrija mdomoni mwake, nauzamisha chunguni, nanywa taratibu, mpaka kikohozi nilichokibana tangu asubuhi kinanitoka.

Namrudishia mgeni mrija bila kuupangusa.

"Kunywa, dada," namwambia. "Iko ya sisi wote."