Mia Mbili Mara Tatu

Nesi Wilawan alivuta bomba la sindano taratibu. Mililita kumi za maji zikatoka kwenye puto dogo lililoushikilia mpira wa mkojo ndani ya kibofu cha mzee Khamsing kwa siku kumi na mbili. Puto likanywea, mpira ukateleza nje.

"Haya babu, leo ndiyo leo. Ukikojoa mwenyewe mililita mia mbili mara tatu, unakwenda kwako. Ukishindwa, mpira unarudi."

Alikwisha kushindwa mara mbili.

"Nikifia hapa," mzee alimwambia mkewe, "nitakutokea nikuvute miguu."

"Vuta tu," alijibu bibi Onsi. "Yenyewe siku hizi hata siihisi."

Manesi walikuwa wawili kwa vitanda arobaini, hivyo kupima mkojo kwa jagi na kuandika ilikuwa kazi ya jamaa. Bibi Onsi alichoka kuliko alivyowahi kuchoka msimu wowote wa kupandikiza mpunga. Alilala mkekani chini ya kitanda, akaamka koo limekauka, akanywa maji kikombe juu ya kikombe. Tarakimu za kwenye jagi alizisoma kwa kukodoa macho. Alitaka kumrudisha mumewe nyumbani, basi, mengine yote yalikwisha kumtoka moyoni.

Saa nne aliandika mia mbili hamsini. Saa sita, mia tatu. Saa nane, mia tatu hamsini.

"Mbona babu kimya?" Wilawan aliuliza akipita.

"Kachoka. Mwache apumzike, mjukuu wangu, njia ni ndefu." Mzee alikuwa amegeukia ukutani, shingo imelowa jasho. Kikapu cha wali wa kunata kilikwisha kufungwa.

Wilawan akatabasamu, mara ya kwanza tangu aingie zamu. Mgonjwa mmoja angalau anakwenda kwake! Akachukua jagi, akachovya karatasi ya kupimia, kama wafanyavyo kabla ya kumruhusu mtu. Karatasi ikageuka kahawia iliyokolea: sukari tele kwenye mkojo.

Akafungua faili. Sukari ya mzee kwenye damu, iliyopimwa asubuhi ileile, ilikuwa ya kawaida. Akafunua shuka, akamgusa chini ya kitovu. Palikuwa pagumu kama boga, kibofu kimejaa pomoni. Mzee akaguna.

Bibi Onsi alikuwa ameinama, anakunja mkeka.

"Bibi," Wilawan alisema polepole, "babu tunamrudishia mpira. Na wewe usiondoke hapo, nakutafutia kitanda."