Mbeba Presha wa Bi Mwanakheri

Asubuhi ya harusi ya bintiye, Bi Mwanakheri, mpishi aliyesifika mtaa mzima, alifungua mlango akakuta kijana asiyemjua.

"Shikamoo, mama. Naitwa Hamdu. Nimepangiwa kukubebea presha."

Siku hizi kila mwenye presha iliyochosha figo hupewa mbebaji wa kuipokea mwilini mwake. Hamdu alimvisha bangili pacha na yake, na kichwa cha Bi Mwanakheri kikawa chepesi kama pamba.

"Na wewe je, utaumwa?"

"Kidogo tu. Ila ukionja chumvi, mama, atakayeanguka ni mimi."

"Sitaonja hata tone, mwanangu."

Mchuzi wa papa ulipochemka, Bi Mwanakheri alijidondoshea tone kiganjani kama kawaida yake, akakiinua kuelekea mdomoni. Uani, Hamdu alikuwa amesinzia mkekani kama mtoto. Bi Mwanakheri akafuta kiganja kwenye kanga.

Mchana wifi yake alionja mchuzi, akacheka mbele ya wageni. "Wifi, chumvi yote hii! Leo umetupikia bahari!"

Aibu ilimpanda Bi Mwanakheri, na presha nayo. Uani, Hamdu akaguna usingizini. Bi Mwanakheri akavuta pumzi taratibu, akatabasamu, akaendelea kutabasamu mpaka kijana akatulia.