Shilingi za Kale za Nungunungu

Nungunungu alimshuku kila mtu. Siku moja Kicheche, mfua bangili, alimwomba amuuzie shilingi kumi za kale ambazo Nungunungu alizirithi kwa bibi yake.

"Kwa kila moja nitakulipa mbili mpya, dada."

"Nani hununua shilingi moja kwa mbili?" aliwaza Nungunungu. "Huyu anachunguza nilipozificha, kisha aje aniibie!"

Akamfukuza. Papo hapo akakimbilia dukani kwa Ngiri, akazimaliza zote kwa kibaba cha mtama.

Kesho yake alimkuta Ngiri akipokea shilingi hamsini mpya kutoka kwa Kicheche kwa zile kumi za kale.

"Tano kwa moja? Mbona mimi uliniambia mbili?" alifoka.

"Zile ni za madini ya fedha halisi, nitaziyeyusha nifue bangili," alijibu Kicheche. "Ngiri aliniuliza nazitakia nini, nikashindwa kumpunja. Wewe hukuuliza."