Sukari ya Zizini

"Kumi na tisa!" Gatakaa alisoma kioo cha mashine, akaketi juu ya mkebe wa maziwa. "Baba Kananu, unataka kuniacha mjane?"

Kailemia aliinamisha kichwa. Ndio kwanza ametoka zizini, alikopimia sukari kama kila asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni. Kujipima mbele ya mke alikataa tangu siku ya kwanza alipoambiwa ana kisukari. Mwanamume, alisema, hamwagi damu jikoni.

Gatakaa alifundisha miaka thelathini pale shule ya Githongo, na kustaafu hakukumnyamazisha. Alibandika ukutani chati ya maneno ya kliniki, na mumewe hakupewa chai kabla ya kujibu.

"HbA1c ni nini?"

"Wastani wa sukari ya miezi mitatu, Mwalimu. Huwezi kuidanganya kwa kufunga siku moja."

"Insulini?"

"Ile ya sindano." Mzee huyu aliyehasi mafahali kwa mikono yake, akiona sindano huanza kuimba nyimbo za mazishi.

Mwezi wa kwanza mashine ilisema sita, saba. Kisha kumi na moja. Kisha kumi na nne. Gatakaa akapiga marufuku sukari, mandazi na viazi, akawa anamtembeza mumewe kila jioni hadi kiwanda cha kahawa na kurudi. Suruali ikaanza kumvuka Kailemia, lakini mashine ikazidi kupanda. Gatakaa alilia kanisani mbele za watu, bila haya. Alikuwa anampenda mzee wake, na aliogopa kumzika.

Aliyenufaika ni Njoka, jirani yao. Yeye na Kailemia walitahiriwa siku moja, na watu wa rika moja hawanyimani kitu. Alifika kila alfajiri kusaidia kukamua, kisha akamalizia mandazi yote aliyokatazwa rafiki yake, na chai ya vijiko vinne. Siku hizi alimaliza pia jagi zima la maji, halafu mbio chooni.

"Ni hii jua, Mama Kananu," alisema.

Siku ya kliniki ilipofika, Kailemia alitolewa damu mkononi huku manesi wawili wamemshika. Walipokuwa wakisubiri majibu, Daktari Carol aliisoma orodha ya namba za mashine aliyoiandika Gatakaa, akatikisa kichwa.

"Mzee, kama ni hivi, leo tunaanza insulini."

Aliandaa sindano. Kailemia akaanza kuimba kwa sauti ya chini.

Majibu yakaletwa. Daktari akayasoma mara mbili.

"HbA1c ni sita nukta tano. Hii ni miezi mitatu ya mtu mwenye nidhamu!"

"Asante Yesu!" Gatakaa aliruka. "Kumbe ni mashine imeharibika!"

Daktari aliichukua ile mashine, akajidunga kidole chake mwenyewe. Tano nukta mbili.

"Mashine ni nzima, Mama. Inapima vizuri kabisa damu inayopewa."

Wimbo ulikatika. Kailemia alisimama, kofia mkononi, machozi yakimlenga.

"Daktari, hiyo sindano usiirudishe," alisema. "Ngoja nikamlete Njoka. Kile kidole cha zizini ni chake."