Simu ya Mwisho ya Mtihani

Siku hizi hapa Uingereza hupati digrii ya kompyuta mpaka mama yako mzazi ashindwe kukutambua. Mwaka mzima niliifundisha programu yangu sauti yangu, kicheko changu, hata kudeka kwangu. Nilipozidiwa na masomo, niliiacha impigie mama badala yangu.

Leo mhadhiri wangu, Dokta Pryce, alimpigia mama kule Tanga. Mama angezungumza na wawili, mimi na programu, kisha aseme mwanawe ni yupi.

Programu ilitangulia. "Shikamoo mama. Goti vipi, bado linauma?"

"Marahaba mwanangu. Leo afadhali."

Mimi sikuwa na habari kwamba mama anaumwa goti.

Zamu yangu ilipofika, nikadakia simu. "Mama, ni mimi, Mwanakombo! Unanisikia?"

Nilitaka akosee ili nifaulu, na moyoni nikawa namwomba asikosee.

"Huyu wa pili hata kuniamkia hajui," akasema. "Mwanangu ni yule wa kwanza."

Dokta Pryce akanipa mkono wa pongezi.

Nilipotoka tu nje, nikampigia mama nimweleze kila kitu. Simu yake ilikuwa inatumika. Baada ya saa nzima nikajaribu tena. Bado alikuwa anaongea.