Mwaridi na Mizizi Yake

Kwenye shamba la maua la Bi Salha, kila mteja hupewa mkasi akajichumie mwenyewe. Mkwabi, mkulima wa muhogo, aliutia mkasi mfukoni, akashika mwaridi kwa mikono miwili na kuung'oa wote, na mizizi yake.

“Ningejua ningekupa jembe,” Bi Salha alisema.

“Mikono imezoea muhogo, dada. Nampelekea mke wangu. Mwezi wa pili huu yuko kwao, nataka arudi.”

Bi Salha aliitazama ile mizizi, kisha akaifunga kwa kipande cha gunia kilicholowa.

“Mpelekee hivyohivyo. Mwulize ataupanda wapi.”

Mkwabi akashika njia ya ukweni. Maji ya gunia yalichuruzika kwenye suruali aliyoipiga pasi asubuhi, naye akazidi kuukumbatia mwaridi.